Kujibu mtihani wa Kidato cha Nne: alama zinapopatikana na zinapopotelea

Msahihishaji wa mtihani wa taifa hasomi majibu yako ili apime akili zako. Ana mwongozo wa kusahihisha mezani, wenye hoja zinazotakiwa na alama ya kila hoja, na macho yake yanazitafuta hoja hizo katika mwandiko wako. Tena kijitabu chako hupita mikononi mwa wasahihishaji kadhaa, kila mmoja na swali lake. Aliyefurahishwa na swali lako la 3 siye atakayesoma swali la 10. Ukiliandika jibu sahihi mahali asipoliona, au ukajibu kitu ambacho hakikuulizwa, umetumia wino bure. Karibu kila kinachofuata hapa kinatokana na jambo hilo.

Dakika na alama

Katika miaka ya karibuni karatasi nyingi za nadharia za NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) zimekuwa na muundo mmoja: saa 3, maswali 11, alama 100. Sehemu A ina alama 16, yaani swali la kuchagua lenye vipengele 10 na swali la kuoanisha lenye vipengele 6. Sehemu B ina maswali 6 ya alama 9 kila moja. Sehemu C ina maswali matatu ya alama 15, nawe unajibu mawili. Hata hivyo soma maelekezo ya ukurasa wa kwanza siku yenyewe, uone idadi ya maswali na kama kuna swali la lazima.

Gawa dakika 180 hivi: 10 za kusoma karatasi yote, 20 za sehemu A, 80 za sehemu B (kama 13 kwa kila swali), 50 za sehemu C, na 20 za kupitia. Dakika za swali zikiisha, acha nafasi na uhame. Sababu ni ya hesabu tu: katika swali la alama 9, alama tano za mwanzo hupatikana haraka, lakini ile ya tisa inaweza kula dakika kumi. Dakika kumi hizohizo, ukizipeleka kwenye swali ambalo hujaligusa, zinaweza kukupa alama sita au saba.

Anayeacha swali moja la sehemu C kwa kukosa muda anajinyima alama 15. Madaraja yamekaa hivi: A ni 75 na kuendelea, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44. Mwenye 58 ambaye angejibu swali hilo na kupata hata nusu ya alama zake angevuka kutoka C kwenda B.

Hisabati ina mpango wake. Maswali ni 14 na yote ni ya lazima: 10 ya alama 6 na 4 ya alama 10. Dakika 10 kwa kila swali la sehemu A na 15 kwa kila swali la sehemu B zinakuachia dakika 20 za kupitia.

Chagua maswali ya sehemu C katika zile dakika 10 za mwanzo. Usichague mada unayoipenda. Chagua swali ambalo unaweza kuorodhesha hoja zake zote pembeni mwa karatasi ya maswali, kwa neno mojamoja, ndani ya dakika mbili. Umeulizwa hoja sita na umepata nne? Angalia swali jingine kwanza. Kujibu yote matatu hakukuongezei kitu. Kunakula dakika 25 tu.

Neno linaloamuru

Kila swali lina kitenzi kinachokuambia ufanye nini. Taja: andika jina au hoja, basi. Eleza au fafanua: hoja pamoja na jinsi au kwa nini. Tofautisha: pande mbili zikabiliane. Jadili: pima pande zaidi ya moja. Thibitisha: kauli umeshapewa, lete ushahidi. Anayetaja pale alipoambiwa afafanue hupata sehemu ndogo ya alama hata kama hoja zake zote ni za kweli. Anayefafanua pale alipoambiwa ataje anapoteza dakika ambazo hazirudi.

Mitihani ya masomo mengi iko kwa Kiingereza, na hapo ndipo wengi hujikwaa. "Outline" inataka hoja kwa ufupi, sentensi mojamoja. "Account for" inataka sababu. Haina uhusiano na akaunti wala kusimulia. "Justify" ni kutetea kauli kwa ushahidi. Katika Hisabati neno "hence" lina maana nzito kuliko linavyoonekana: linakutaka utumie jibu la kipengele kilichotangulia. Ukilipuuza na kuanza upya kwa njia nyingine, unaweza kupata jibu lilelile ukakosa alama za njia.

Baada ya kitenzi, pigia mstari vitu viwili: idadi na mpaka. "Hoja tatu kutoka kila riwaya, ukitumia riwaya mbili" ni tatu na tatu. Ukitoa sita kutoka riwaya moja, tatu tu ndizo zitahesabiwa. "Kabla ya 1914" ina maana kwamba mfano wa mwaka 1920 hauna thamani, hata ukiwa mzuri namna gani.

Sehemu A

Funika machaguo kwa kiganja, soma swali, lijibu kichwani, kisha funua ulitafute jibu lako. Machaguo yameandikwa ili yavutie. Ukiyasoma kabla hujafikiri, mawili yatakuvuta pamoja. Swali lenye "isipokuwa" au "si" lizungushie duara neno hilo. Katika kuoanisha, anza na yale unayoyajua kwa hakika, futa herufi zilizotumika, halafu rudi kwenye yaliyobaki. Herufi mbili kwenye nafasi moja ni sifuri, kwa hiyo ukibadili mawazo kata ya kwanza kwa mstari mmoja uandike nyingine kando yake. Usiache nafasi tupu. Jibu lisilo sahihi halikupunguzii alama ulizokwisha kupata.

Insha za Historia, Uraia na Jiografia

Mgawanyo unaotumika sana kwa insha ya alama 15 yenye hoja sita ni alama 1½ za utangulizi, 12 za kiini (2 kwa kila hoja) na 1½ za hitimisho. Utangulizi basi unastahili sentensi tatu au nne: eleza dhana kuu ya swali, iweke mahali na wakati wake, ingia. Kuna mazoea ya kuanzia kila insha ya ukoloni kwenye Mkutano wa Berlin wa 1884–85, hata swali likiwa la elimu au afya. Nusu ukurasa wa namna hiyo hauna mahali pa kuhesabiwa katika mwongozo.

Kila hoja ipewe aya yake, na sentensi ya kwanza iwe ndiyo hoja yenyewe. Chukua swali hili: Fafanua sababu sita zilizofanya Vita vya Maji Maji (1905–1907) kushindwa. Jibu dhaifu huwa hivi:

"Silaha duni. Waafrika walikuwa na silaha duni kuliko Wajerumani ambao walikuwa na silaha bora kuliko za Waafrika."

Sentensi ya pili imerudia ya kwanza, hivyo imelipwa kutajwa tu. Linganisha na hili:

"Tofauti ya silaha. Wapiganaji wengi walitumia mikuki, mishale na magobori, ilhali Wajerumani walikuwa na bunduki za rashasha. Waliposhambulia boma la Mahenge, Agosti 1905, wengi waliuawa kabla hawajalifikia. Kwa hiyo wingi wao haukuweza kuishinda ngome iliyolindwa na askari wachache."

Hapo kuna hoja, ufafanuzi, mfano wenye mahali na tarehe, na sentensi inayorudi kwenye swali. Sentensi nne zinatosha. Mbili zaidi hazileti alama ya tatu.

Angalia pia hoja zinazofanana. "Silaha duni", "teknolojia ya chini" na "ukosefu wa bunduki" ni hoja moja iliyovaa nguo tatu, na italipwa mara moja. Usichanganye sababu na athari vilevile. Njaa inaweza kuingia kote kuwili: Wajerumani walichoma mashamba na maghala, wapiganaji wakakosa chakula wakadhoofika, hiyo ni sababu ya kushindwa, maelfu kufa kwa njaa baada ya vita, hiyo ni athari. Ile sentensi ya mwisho ya aya ndiyo inayomwonyesha msahihishaji umesimama upande gani.

Uraia hujibiwa kwa mtindo huohuo, ila mfano uwe wa mambo yanayojulikana nchini. "Serikali iboreshe maisha ya watu" haifafanui chochote. Taja chombo, taja kinachofanywa, taja nani ananufaika.

Jiografia ina insha, lakini alama za bei nafuu ziko kwenye ramani. Kwa skeli ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Barabara yenye kona ipime kwa uzi, uufuate kila mpindo, kisha uunyooshe kwenye rula: 13.4 cm ni 6.7 km. Eneo lisilo na umbo maalumu hupatikana kwa kuhesabu miraba: mizima 14 na isiyokamilika 18 ni 14 + 9 = 23, na kwa skeli hiyo mraba wa sentimita 2 kwa 2 ni kilomita moja ya mraba, basi jibu ni 23 km². Onyesha hesabu, kwa sababu idadi ya miraba hutofautiana kidogo kati ya mtu na mtu na njia ndiyo inayokutetea. Kwenye uelekeo wa nyuzi, protrakta hukaa mahali palipoandikwa "kutoka", si "kwenda". Kosa hilo hutoa jibu lililopishana kwa nyuzi 180. Rejea ya gridi huanza na namba za mhimili wa chini, kisha za pembeni, tarakimu sita.

Hisabati na hesabu za Fizikia

Alama nyingi ziko njiani kabla ya kufika kwenye jibu. Andika fomula, ingiza namba, kokotoa, weka kizio. Mfano: miji miwili iko kwenye longitudo moja, mmoja 5° Kusini na mwingine 7° Kaskazini. Tafuta umbali kati yao, R = 6370 km, π = 3.14.

Tofauti ya latitudo = 5° + 7° = 12°
Umbali = (12/360) × 2 × 3.14 × 6370
= 1333.45 km

Kosa la kawaida ni kutoa badala ya kujumlisha: nyuzi 2, umbali kilomita 222 hivi. Mchoro wa sekunde kumi, duara lenye Ikweta katikati na mji mmoja kila upande, unalizuia. Na aliyeandika njia yote kisha akateleza kwenye kuzidisha bado anabaki na alama za njia. Aliyeandika "1343" peke yake hana cha kulipwa.

Usikadirie namba katikati ya hesabu. Beba tarakimu zote hadi mwisho, ndipo ukadirie kwa kadiri swali linavyotaka. Ukiwa umenakili swali, linganisha tarakimu zake na za karatasi kabla ya kuanza, 3.6 iliyogeuka 6.3 hukuharibia ukurasa mzima. Katika programu ya mstari (linear programming), wengi husahau kuandika x ≥ 0 na y ≥ 0, na wengine huishia kwenye jedwali la pembe za eneo bila kusema, kwa mfano, mkulima apande ekari ngapi za kila zao. Swali liliuliza kwa maneno, limalizie kwa maneno.

Fizikia inaongeza mtego wa vizio. Badili gramu kuwa kilogramu na sentimita kuwa mita kabla ya kuingiza kwenye fomula, na utumie thamani ya g uliyopewa kwenye karatasi. Kanuni iandikwe pamoja na sharti lake: kanuni ya Ohm bila kutaja kwamba joto na hali nyingine za kipitishi hazibadiliki imekatika, na kanuni ya Hooke bila kutaja mpaka wa unyumbufu vilevile. Grafu iwe na kichwa, majina ya mihimili pamoja na vizio, na skeli inayofanya nukta zienee zaidi ya nusu ya karatasi. Mteremko usiutafute kwa nukta mbili za jedwali. Chukua nukta mbili zilizo mbalimbali juu ya mstari uliouchora, onyesha pembetatu yake, na uandike kizio cha mteremko.

Kemia na Baiolojia, pamoja na maabara

Katika Kemia mlinganyo usiosawazishwa unaharibu kila kinachofuata. Chukua upimaji wa kawaida wa bureti (mrija wa kioo wenye vipimo na koki): 25 cm³ za sodiamu kaboneti zimemalizwa na wastani wa 24.50 cm³ za asidi ya haidrokloriki 0.1 M.

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂
Moli za HCl = 0.1 × 24.50/1000 = 0.00245
Moli za Na₂CO₃ = 0.00245/2 = 0.001225
Molariti = 0.001225/0.025 = 0.049 M

Asiyeandika ile 2 mbele ya HCl anapata 0.098 M, mara mbili kamili ya jibu. Ukiona hesabu yako imetoka mara mbili au nusu ya ulichotarajia, anza kukagua mlinganyo.

Karatasi ya maabara huwa ya saa 2 na nusu, maswali mawili ya alama 25. Somo la bureti, yaani kipimo unachokisoma juu yake, liandikwe kwa desimali mbili, 24.50 na si 24.5, likisomwa macho yakiwa usawa wa sehemu ya chini ya mkunjo wa uso wa kimiminika. Pailoti, yaani jaribio la kwanza la kukisia, haiingii kwenye wastani. Ni ya kukuonyesha mwisho uko wapi. Chukua masomo yanayokaribiana tu, na uandike ni yapi uliyoyatumia. Kabla ya kuanza hakikisha faneli imeondolewa juu ya bureti, kwa maana tone moja linalobaki humo likishuka baadaye hukuharibia somo.

Katika kutambua chumvi, safu ya uchunguzi ndiyo yenye alama. "Gesi imetoka" haitoshi. Andika rangi yake, harufu yake, na ilifanya nini: gesi isiyo na rangi iliyogeuza maji ya chokaa kuwa meupe kama maziwa. Ukiongeza amonia, andika mambo mawili, yaani kilichotokea kwa matone machache na kilichotokea ilipozidi. Mashapo meupe yanayoyeyuka amonia ikizidi yanaelekeza kwenye zinki. Ya buluu yanayoyeyuka na kuacha kimiminika cha buluu iliyokolea yanaelekeza kwenye shaba. Aliyeacha kuongeza amonia zaidi hana namna ya kufika huko. Na kimiminika kinachopenyeza mwanga si lazima kiwe hakina rangi, kwa hiyo usiandike moja ukimaanisha jingine.

Mchoro wa Baiolojia ni wa penseli iliyochongwa, mistari mizima isiyorudiwa, bila kupaka kivuli. Mistari ya majina ipigwe kwa rula, isikatane, isiwe na vichwa vya mshale, na iguse sehemu yenyewe. Andika kichwa na ukuzaji: mchoro wa sentimita 12 wa kitu cha sentimita 4 ni ×3, bila kizio. Kwenye kutofautisha, kila mstari uzungumzie sifa moja pande zote mbili. "Ateri ina kuta nene, veni ina kuta nyembamba" ni tofauti. "Ateri ina kuta nene; veni ina vali" ni kweli mbili zisizokutana, na hazilipwi kama tofauti.

Kiswahili

Watu hulidharau kwa kuwa ni lugha ya nyumbani, na daraja la C linawashangaza. Kwenye ufahamu soma maswali kwanza, kisha kifungu mara mbili. Ufupisho: weka namba kwenye hoja kuu za kifungu, acha mifano na marudio, ziunganishe kwa maneno yako, halafu hesabu maneno. Ukiambiwa maneno 70, usipeleke 95.

Sarufi inataka umbo kamili. Umeambiwa uchanganue sentensi kwa jedwali, usichore matawi. Umeambiwa utunge sentensi kuonyesha maana tofauti za neno "kaa", basi sentensi zenyewe zionyeshe maana: "Kaa la moto limemuunguza kidole" inatosha, ilhali "Nimeona kaa" inaweza kuwa la moto au wa pwani. Barua rasmi ina anwani mbili, tarehe, salamu, kichwa cha habari, kiini, mwisho, sahihi, jina na cheo. Anwani ya mwandikiwa ndiyo husahaulika zaidi. Katika fasihi taja kitabu na mwandishi kwenye utangulizi, na katika kila hoja mtaje mhusika pamoja na tukio. "Mwandishi ameonyesha umaskini" bila tukio ni hoja inayofaa kitabu chochote, na msahihishaji analijua hilo.

Utunzaji wa vitabu vya hesabu

Urari (jedwali la salio za akaunti zote) ukikataa kulingana, usikae nao dakika ishirini. Tafuta tofauti ya pande mbili. Igawe kwa 2, uone kama kuna kiasi cha namna hiyo kilichoandikwa upande usio wake. Ikigawanyika kwa 9, huenda umegeuza tarakimu, kama 540 kuandikwa 450. Usipopata, acha kama ulivyo uende mbele.

Dakika ishirini za mwisho

Usizitumie kunakili upya jibu ili lipendeze. Hesabu kwanza idadi ya maswali uliyojibu dhidi ya maelekezo ya ukurasa wa kwanza. Rudi kwenye nafasi ulizoacha, ukianza na zenye alama nyingi. Angalia kwamba kila swali lina namba yake, na kwamba vipengele vyake vyote viko pamoja. Ikiwa (c) ya swali la 5 imeangukia ukurasa wa mbali, andika chini ya (b) kwamba inaendelea ukurasa fulani. Jibu unalotaka kulifuta likate kwa mstari mmoja, na usilikate kabla ya kuandika jingine. Maandishi yote yawe ya wino wa buluu au mweusi, michoro kwa penseli. Namba ya mtihani iwe kwenye kila ukurasa, pamoja na karatasi ya grafu, ambayo usipoifunga vizuri ndani ya kijitabu huchomoka njiani.